Hodi kabla ya kuingia: mwongozo wa kumlea kijana mjuzi wa kompyuta

Mama mmoja alinijia baada ya alasiri, simu ya mwanawe kaifunga kwenye pindo la leso. Nina chumba cha mafunzo ya kompyuta hapa Majengo, Mombasa, na wazazi wamezoea kuja kuuliza ada. Huyu hakuuliza ada. Aliketi, akafungua fundo, akaiweka simu mezani.

"Mwalimu, nimemnyang'anya. Sasa nimfanye nini?"

Nikamuuliza kijana amefanya nini. Akasema hajui, na ndiyo maana amekuja.

Nilipoketi na kijana mwenyewe, mambo yakatoka. Ana miaka 15. Kwenye jengo wanaloishi kuna bwana anayeuza waifai kwa vocha. Kijana aligundua kwamba ukurasa wa kuendeshea ruta, kile kifaa kinachogawa waifai, unafunguka kwenye simu yoyote iliyounganishwa, na kwamba jina la mtumiaji ni admin na paswodi pia ni admin, vile vile ilivyotoka dukani. Akaingia. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya pili akajitengenezea vocha. Wiki ya pili alikuwa anawauzia wenzake vocha za siku moja kwa shilingi 10, na mwenyewe anauza 20.

Nilimuuliza ni kitu gani kilichomfurahisha zaidi. Pesa hakuzitaja. "Ile mara ya kwanza ilipofunguka," akasema, na uso wake ukang'aa huku anajua fika kwamba ameshikwa.

Nimeukumbuka uso ule mara nyingi ninapozungumza na wazazi. Sisi tuliokulia hapa tulifunzwa bahari na wakubwa wetu: wapi pana mkondo, wapi usithubutu maji yakitoka. Nyaya kubwa za intaneti nazo zinatokea baharini hapa hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Watoto waliozaliwa miaka ile wamekulia ndani ya mtandao, na wengi wao hakuna mkubwa aliyewashika mkono. Haya ninayoandika ni kwa mzazi, mjomba, shangazi, mwalimu wa shule au ustadh wa madrasa ambaye ana kijana wa aina hii mikononi mwake. Nasema kijana nikimaanisha na wasichana.

Hatua ya 1: Usiku wa kwanza, mwache azungumze

Niliwahi kukosea hapa, na kosa lile halijanitoka. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri baba mmoja afunge kila kitu: achukue simu, afungie laptopu kabatini, hata ada ya darasa langu asilipe tena. Kijana hakuacha. Alihamia saiba ya mbali na kwao, akawa anatumia simu za marafiki, na huko mtandaoni akapata wakubwa wengine wa kumsifu, watu ambao mimi na babake hatukuwajua. Baada ya miezi michache, laini iliyosajiliwa kwa jina la babake ikawa imepitisha pesa za kuibiwa. Ushauri ulikuwa wangu.

Kwa hiyo siku hizi nasema hivi. Kitendo chenyewe kisimame usiku huo huo: vocha zisiuzwe tena, akaunti ya mtu isifunguliwe tena. Hilo halina mjadala. Simu unaweza kuiweka kando mpaka asubuhi ili wote mpoe. Lakini usifute kitu chochote ndani yake, na usimwambie yeye afute. Nitaeleza sababu mbele.

Kisha keti naye faraghani. Si mbele ya ndugu zake, wala mbele ya wajomba watatu walioitwa kuja kumkaripia. Usimwite mwizi. Mwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Hata kama huelewi nusu ya anachokuonyesha, tazama mpaka mwisho. Kijana aliyefanya jambo gumu peke yake huwa na hamu kubwa ya kulieleza, na ataeleza kwa yeyote atakayesikiliza. Afadhali uwe wewe.

Baada ya hapo nina maswali matatu. Ulijifunza wapi? Nani mwingine anajua? Na la mwisho, uliulize kwa sauti ya chini kabisa: kuna mtu anayekudai, anayekutuma au anayekutisha? Nimeona vijana wakijibu mawili ya kwanza harakaharaka, wakifika la tatu wakatazama chini. Ukiona hivyo, jua kwamba nyuma yake kuna mtu mzima, na shida yako imebadilika: sasa unamwokoa mtoto kutoka kwenye mikono ya mtu. Nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 2: Jua unachokitazama

Wazazi wengi huogopa vitu visivyo vya kuogopwa. Skrini nyeusi yenye maandishi meupe si ushahidi wa uovu. Ni njia ya kawaida ya kuiamrisha kompyuta, na mhandisi wa benki anashinda mbele yake kutwa nzima. Kali Linux (mfumo wa kompyuta wenye zana za kupima ulinzi), Wireshark (programu ya kutazama data inavyopita mtandaoni), VPN (njia ya siri ya kupitishia data), hizi ni zana tu. Kisu cha kupasulia samaki kimo katika kila jiko mjini hapa na hatumshuku mpishi.

Tazama mambo mengine. Tazama picha za vitambulisho vya watu ambao si jamaa zako. Tazama orodha ndefu za barua pepe, kila moja na paswodi yake kando. Tazama makundi ya Telegram ambamo watu wanauziana akaunti na namba za kadi za benki kama wanavyouziana mitumba Kongowea. Kama mwanao anacheza michezo ya mtandaoni na wapinzani wake "wanaanguka" mara kwa mara, muulize kama amelipia zile tovuti zinazokodisha mashambulizi ya kuziba seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo au tovuti. Watoto huziona kama sehemu ya mchezo, kumbe ni kosa la jinai.

Pesa zisizo na chanzo unaziona mwenyewe. Laini nyingi za simu, hizo ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote. Mtoto huwa anasajiliwa laini kwa jina la mzazi au mlezi, maana hana kitambulisho. Piga *106# kwenye simu yako leo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifungwe. Ikipokea pesa za wizi, jina litakalosomwa ni lako.

Hatua ya 3: Mfunze hodi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila kijana.

Yule wa vocha alinitetea hoja yake vizuri: "Lakini Mwalimu, haikuwa imefungwa." Na kweli, paswodi ya admin ni sawa na mlango uliosahauliwa wazi. Nikamuuliza nyanya yake anakaa wapi. Kibokoni. Mlango wake hufungwa saa ngapi? Akasema baada ya isha; mchana kutwa uko wazi, pazia tu linapepea. Na majirani huingia?

"Hupiga hodi."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Hakuna mtoto wa mjini hapa asiyejua adabu hii. Madrasa amefunzwa zaidi: hodi mara tatu, usipojibiwa rudi, wala usichungulie ndani. Hajafunzwa tu kwamba ruta, akaunti ya Facebook ya msichana aliyemwacha, na mfumo wa alama wa shule nazo ni nyumba za watu.

Mpe maswali matatu ya kujiuliza kabla hajagusa chochote. Hiki ni cha nani? Mwenyewe amesema karibu, kwa maneno au maandishi ninayoweza kuyaonyesha? Na amenikaribisha mpaka chumba gani? Hili la tatu vijana hulisahau. Mgeni aliyekaribishwa ukumbini hajakaribishwa chumbani. Ukiombwa na jirani umrekebishie barua pepe, huna ruhusa ya kutazama picha zake. Hata wataalamu wanaolipwa kujaribu ulinzi wa benki hupewa karatasi inayosema jaribu hiki, kile usikiguse, na wakivuka mpaka huo wanaweza kushtakiwa.

Sheria ya Kenya nayo imesimama juu ya neno hilo hilo, idhini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuingia kwenye mfumo bila idhini, hata kama hukuchukua kitu, kunaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kumpa mtu paswodi ya mfumo bila ruhusa, adhabu hiyo hiyo. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia jina au paswodi yake ni hadi shilingi 200,000 au miaka 3. Kutengeneza ukurasa bandia wa kunasa taarifa za watu ni hadi shilingi 300,000 au miaka 3. Ulaghai wa kompyuta, yaani kujipatia faida kwa njia hizi, unafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Zile vocha za shilingi 10 zinaangukia wapi? Msomee kijana vifungu hivi mwenyewe, polepole, mwache ajibu.

Na usimdanganye ili umtishe. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na wa chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Kesi ya yeyote aliye chini ya miaka 18 husikizwa kwa taratibu za watoto, na kuna njia ya kumwelekeza kwenye marekebisho badala ya mashtaka. Mwambie ukweli wote: mlango wa huruma upo, na unafungwa siku anapotimiza miaka 18. Kijana mwerevu akigundua kwamba ulimtia chumvi kwenye hili, hatakuamini kwenye mengine.

Hatua ya 4: Msimulie watu, usimsimulie jela

Mwaka 2017 shirika la Uingereza la kupambana na uhalifu mkubwa, NCA, lilitoa ripoti juu ya vijana wanaoingia kwenye uhalifu wa mtandaoni. Liliona kwamba kwa wengi wao pesa si sababu ya kwanza. Wanataka kushinda jambo gumu na kuthibitisha uwezo wao mbele ya wenzao. Niliposoma hayo nilimwona kijana wa vocha.

Kwa hiyo visa vya watu kama yeye humwingia kuliko vitisho. Mimi husimulia vitatu.

Cha kwanza ni Marcus Hutchins. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilikuwa inafunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kijana huyu Mwingereza aliona ndani yake kuna anwani ya tovuti ambayo haijasajiliwa na mtu. Akaisajili, na maambukizi yakasimama. Akawa shujaa kwa miezi mitatu. Agosti mwaka huo huo alikamatwa Las Vegas kwa sababu ya programu ya kuibia benki, Kronos, aliyokuwa ameshiriki kuitengeneza alipokuwa mdogo zaidi. Alikiri makosa. Mwaka 2019 jaji alimhurumia, hakumrudisha gerezani, akampa mwaka mmoja wa uangalizi. Vijana huuliza, "Kwa hiyo aliokoka?" Nawajibu wahesabu kuanzia kukamatwa hadi hukumu: karibu miaka miwili, mbali na nyumbani, asijue kesho yake.

Cha pili ni vijana watatu wa Marekani waliotengeneza Mirai, programu iliyoteka kamera za ulinzi na ruta ambazo watu walizileta nyumbani wakaziacha na paswodi za kiwandani. Admin na admin, kama ya bwana wetu wa waifai. Walianza kwa ugomvi wa biashara ya seva za mchezo wa Minecraft. Walipoachia msimbo wao, yaani maandishi yanayounda programu, hadharani mwaka 2016, watu wengine wakautumia kuangusha tovuti kubwa kubwa kwa saa kadhaa. Mwaka 2018 walihukumiwa miaka 5 ya uangalizi, saa 2,500 za kazi ya kijamii na fidia ya dola 127,000. Kifungo walikiepuka kwa sababu walishirikiana sana na wapelelezi.

Cha tatu ni Santiago Lopez wa Argentina. Alijifunza mwenyewe kwenye intaneti, akawa anatafuta kasoro kwenye mifumo ya makampuni yaliyosema wazi "karibuni mtafute, tutawalipa", kupitia HackerOne, jukwaa la mtandaoni linalokutanisha makampuni hayo na watafutaji. Mwaka 2019, akiwa na miaka 19, alikuwa wa kwanza kwenye jukwaa hilo kupitisha dola milioni 1. Werevu wake na wa wale watatu ni wa aina moja. Yeye alikuwa na karibu ya mwenye nyumba.

Hatua ya 5: Mpe pa kuchezea

Hii usiiruke. Ukisema "usiingie" bila kumwonyesha anapoweza kuingia, umemwacha na uwezo wote na njaa yote. Kuna mifumo iliyojengwa ili ivunjwe, na mingi ni bure.

Anza na Bandit, mchezo wa tovuti ya mazoezi iitwayo OverTheWire. Unaingia kwenye seva yao kwa maandishi tu, na kila ngazi unatafuta paswodi ya ngazi inayofuata. Kwa kuwa hakuna picha wala video, bando linalotumika ni dogo sana. Laptopu si lazima: kwenye simu ya Android weka Termux, programu inayokupa ile skrini nyeusi ya amri, kisha uandike pkg install openssh, na umeshapata mlango.

Jumamosi moja asubuhi nilimketisha kijana wa vocha mbele ya mashine, mamake kando yake. Ngazi ya mwanzo paswodi imo kwenye faili liitwalo readme. Alilifungua kwa cat, amri ya kuonyesha kilichomo kwenye faili, kabla mama hajaketi vizuri. Ngazi iliyofuata faili lenyewe linaitwa kistari kitupu: -. Akaandika cat - akabonyeza. Kimya. Kishale kinapepesa tu. Akarudia. Kimya tena.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Haijaharibika, mama. Inanisubiri."

Alikuwa amesema kweli bila kujua. Kwa amri ile, kistari pekee maana yake ni "soma kinachotoka kwenye kibodi", kwa hiyo mashine ilikuwa imetulia ikingoja aandike. Alihangaika dakika ishirini. Alijaribu alama za kunukuu, akajaribu kinyumenyume, akataka nimwambie, nikakataa. Mwisho akaandika cat ./- yaani lile faili lililo hapa nilipo, na maandishi yakajitokeza. Uso ule ule wa siku ya vocha, na safari hii mamake alikuwepo kuuona.

Akimaliza ngazi kumi na tano hivi, mpeleke picoCTF. Haya ni mashindano ya mafumbo ya ulinzi wa kompyuta, yametengenezwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, hayana malipo, na maswali ya miaka iliyopita yako wazi kwa mazoezi. Anayependa tovuti atashiba kwenye Web Security Academy ya PortSwigger, mafunzo ya ulinzi wa tovuti, nayo bure. Cisco Networking Academy ina kozi za mitandao za kujisomea. Ni kavu kidogo, lakini kijana asiyeelewa mtandao unavyosafirisha data atabaki kunakili amri za wengine.

Ukiwa na laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, mjengee maabara nyumbani. Weka VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta, na ndani yake uunde mashine mbili: moja ya Kali Linux, nyingine ya Metasploitable, ambayo imetengenezwa dhaifu makusudi. Mtandao wa mashine hizo uwekwe wa ndani tu, usitoke kwenye laptopu. Hakikisha hilo kwa macho yako au mwombe anayejua akuangalizie, kwa sababu kosa la mpangilio hapo linaweza kupeleka mazoezi yake kwenye waifai ya jirani.

Kisha andikeni karatasi, yeye na wewe. Mimi huwataka waiandike kwa mkono. Iseme mazoezi yatafanyika wapi na siku zipi. Iseme kwamba simu za ndugu, ruta ya jirani, kompyuta za shule na akaunti ya mtu yeyote hazimo. Iseme akigundua kasoro kwa bahati mbaya, anasimama hapo hapo na kuja kukwambia, nawe unaahidi hutapiga kelele. Ahadi yako ni sehemu ya karatasi, uisaini pia.

Hatua ya 6: Mtafutie mkubwa wake

Kijana huyu anahitaji mtu mmoja anayejua zaidi yake na ambaye hataki kitu kwake. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na wanafunzi wake wa kompyuta walipita njia hii hii si zamani. Swahilipot, jirani na Fort Jesus, hukutanisha vijana wa teknolojia na wa sanaa. Nenda naye mwenyewe mara ya kwanza, uulize nani anafundisha nini. Kwa wasichana kuna SheHacks Kenya, jumuiya ya wanawake walio kwenye usalama wa mitandao. Binti aliye peke yake katikati ya wavulana ishirini anahitaji kuona kwamba wapo waliomtangulia.

Mkubwa wa kweli ataomba kuzungumza na mzazi. Anayemwambia mtoto "hili libaki baina yetu" si mkubwa wake.

Suala la pesa

Suala hili sikuliwekea namba ya hatua kwa sababu linakatiza hatua zote. Vijana wanaona kaka zao wenye vyeti wameketi barazani toka asubuhi, na wanaona mtu wa mtandaoni ana viatu vipya. Usilikwepe. Mwambie wazi kwamba malipo ya kutafuta kasoro huchukua muda mrefu kuja, na majukwaa yana masharti ya umri na idhini ya mzazi, ya kusomwa kabla ya kujisajili. Lakini ujuzi alio nao leo una soko dogo la halali karibu naye: duka ambalo paswodi ya waifai haijawahi kubadilishwa, wakala ambaye kompyuta yake imejaa uchafu, nyumba ya wageni isiyo na tovuti. Aende na mzazi, aombe, akubaliwe, afanye, alipwe. Mia tano ya hivyo anaweza kumwonyesha nyanya yake.

Na mwonye juu ya kazi moja tu inayofanana na zawadi: "Nitumie namba yako, utapokea pesa, bakisha mia tano, nyingine itume huku." Huyo anapitisha mali ya wizi, na mwenye laini ndiye atakayepatikana wa kwanza.

Hatua ya 7: Ikiwa ameshafanya

Usifute. Ujumbe, picha na miamala iliyobaki kwenye simu ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba alitumwa, au kwamba aliacha mapema. Ukifuta, umemharibia utetezi na huenda umejiingiza mwenyewe kwenye kosa.

Ikiwa kuna anayemtisha, msimlipe na msijibizane naye. Hifadhini ujumbe wake, kisha mpige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Namba za matapeli wa simu kwenye Safaricom hutumwa kwa 333 bila malipo. Kama jambo ni kubwa, kuna pesa nyingi au mfumo wa taasisi, tafuta wakili kabla hujaandika barua ya kukiri kwa mtu yeyote. Polisi wakija, kaa na mwanao. Ana haki ya kuwa na mzazi na wakili. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima. Yaseme hayo kwa heshima, kituoni, bila kubabaika.

Kama jambo ni dogo na aliyekosewa yuko karibu, nendeni kwake. Mama na kijana wa vocha walikokotoa vocha zote, zikafika shilingi 640 za mauzo. Niliwaambia wahesabu kwa bei ya mwenyewe, si ya kijana, ikawa 1,280. Kijana alitoa alizokuwa nazo, mama akamkopesha zilizobaki, na deni analilipa kwa kuteka maji na kwenda sokoni kila Jumapili. Walikwenda baada ya magharibi. Yule bwana ana duka dogo la vifaa vya simu chini ya jengo. Alizihesabu mara mbili, akasema hataki kumwona kijana karibu na ngazi ya kupandia darini, akageuka kumhudumia mteja. Kijana alirudi kwangu ameumia. Alitarajia kusamehewa kwa sababu amesema kweli. Nikamwambia msamaha ni mali ya aliyekosewa, atautoa akitaka.

Alikuwa amemwachia karatasi yenye mambo matatu: badilisha paswodi ya admin, zuia ukurasa wa ruta usifunguke kwenye simu za wateja, pakua sasisho jipya la ruta. Hakuomba kuyafanya mwenyewe. Juzi nilipita pale kununua chaja nikaiona karatasi chini ya kioo cha meza. Namba moja imewekwa tiki kwa kalamu nyekundu. Mbili na tatu bado.